Boeing ilikubali kukiri kosa, jaji akakataa, kesi ikafutwa

Kwa kawaida mshtakiwa anaposimama mbele ya jaji na kusema kwamba anakubali kosa, watu wote mahakamani huona kuwa shauri limekwisha na kilichobaki ni adhabu. Katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing ilikuwa tayari kukiri kosa la jinai. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa tayari kulipokea ungamo hilo. Aliyekataa ni jaji, Reed O'Connor, katika uamuzi alioutoa tarehe 5 Desemba 2024. Miezi kumi na moja baadaye, tarehe 6 Novemba 2025, jaji huyo huyo alitia saini amri ya kuifuta kesi yote, huku akiandika bayana kwamba hakubaliani na hatua hiyo.

Kwa msomaji wa Nairobi, shauri hili si habari ya mbali. Ndege ya shirika la Ethiopia, safari namba 302, iliruka kutoka uwanja wa Bole mjini Addis Ababa asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, ikielekea Nairobi. Haikudumu angani zaidi ya dakika sita. Ilianguka karibu na mji wa Bishoftu na watu wote 157 waliokuwamo walikufa. Walitoka katika nchi zaidi ya 30, na hakuna nchi iliyopoteza raia wengi kuliko Kenya. Miongoni mwao walikuwamo pia watumishi wa Umoja wa Mataifa na wajumbe waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa mazingira uliokuwa ufunguliwe Nairobi siku iliyofuata. Ndugu waliokwenda kuwapokea katika uwanja wa Jomo Kenyatta walikaa saa nyingi wakitazama ubao wa safari kabla ya kuambiwa ukweli.

Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air, ilikuwa imetumbukia katika bahari ya Java nchini Indonesia na kuua watu 189. Jumla ya waliokufa ni 346.

Kosa lenyewe

Mashtaka ya jinai dhidi ya Boeing hayakuwa ya kuua. Jambo hili ndilo lililozichoma familia tangu mwanzo, na ni vizuri kulieleza kabla ya kwenda mbele. Kampuni ilishtakiwa kwa kosa moja tu, kula njama ya kuilaghai serikali ya Marekani. Kiini chake ni mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, ambao uliwekwa katika ndege ya MAX ili kuishusha pua ya ndege pale mtambo unapohisi kwamba imeinuka kupita kiasi. Katika ndege zote mbili zilizoanguka, mfumo huo ulitegemea taarifa za kifaa kimoja tu cha kupimia, kifaa kikatoa taarifa za uongo, na mfumo ukaisukuma pua chini tena na tena huku marubani wakishindana nao.

Katika maelezo ambayo Boeing yenyewe iliyakubali kwa maandishi mwaka 2021, marubani wake wawili wa kiufundi walifahamu kwamba mfumo huo ungeweza kufanya kazi hata ndege inapokwenda kwa kasi ndogo, lakini hawakuiambia idara husika ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA. Matokeo yake MCAS haikutajwa katika vitabu vya marubani wala katika masharti ya mafunzo. Rubani aliyetoka kwenye ndege ya 737 ya zamani aliruhusiwa kuhamia MAX kwa somo fupi la kompyuta, bila kuingia katika mtambo wa kuigiza urukaji.

Kwa nini? Jibu ni fedha. Ripoti ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ya mwaka 2020 ilieleza kwamba Boeing iliahidi shirika la Southwest kulipunguzia dola milioni moja kwa kila ndege endapo mafunzo ya mtambo huo yangehitajika. Waendesha mashtaka nao walikadiria kwamba kwa kuyakwepa mafunzo hayo kampuni ilijiokolea dola milioni 243.6. Namba hiyo iwekwe akilini, kwa sababu imerudi katika kila makubaliano yaliyofuata kama mzigo usiotulika kichwani.

Makubaliano ya kwanza yalitiwa saini Januari 2021, siku za mwisho za utawala wa kwanza wa Donald Trump. Hayakuwa ya kukiri kosa mahakamani. Yalikuwa ya kuahirisha mashtaka: kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 2.5, serikali nayo ikaahidi kuifuta kesi baada ya miaka mitatu iwapo Boeing ingejirekebisha. Katika fedha hizo, bilioni 1.77 zilikwenda kwa mashirika ya ndege yaliyopata hasara, milioni 500 kwa familia za waliokufa, na milioni 243.6 zilikuwa faini. Yaani wanunuzi wa ndege walipata zaidi ya mara tatu ya walichopata wafiwa. Familia hazikushauriwa, zilipata habari wakati kila mtu mwingine alipozipata.

Zilikwenda mahakamani zikitumia sheria ya mwaka 2004 inayolinda haki za waathirika wa uhalifu. Jaji O'Connor alizisikiliza. Oktoba 2022 aliamua kwamba waliokufa ni waathirika wa kosa la Boeing kwa maana ya sheria, uamuzi ambao Wizara ya Sheria ilikuwa ikiupinga. Aliandika pia, katika uamuzi wa Februari 2023, kwamba kosa hilo laweza kuhesabiwa kuwa uhalifu wa kampuni ulioua watu wengi kuliko wowote katika historia ya Marekani. Lakini alisema hana uwezo wa kuyavunja makubaliano yenyewe.

Ndipo hali ilipobadilika kwa namna ambayo hata mtunzi wa riwaya asingethubutu kuibuni. Miaka mitatu ya makubaliano ilikuwa imalizike tarehe 7 Januari 2024. Tarehe 5 Januari, siku mbili kabla, kipande cha ubavu wa ndege ya MAX 9 ya shirika la Alaska Airlines kiling'oka ikiwa angani. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo, uchunguzi ulifufuka, na mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria iliijulisha mahakama kwamba Boeing imeyavunja makubaliano. Julai mwaka huo kampuni ilikubali kukiri kosa.

Jaji ana kazi gani hapo?

Wengi hudhani kwamba mshtakiwa akisema "ndiyo, nilifanya", jaji hana la kufanya ila kuandika. Katika mahakama za shirikisho za Marekani sivyo. Kanuni ya 11 ya mwenendo wa mashauri ya jinai inamtaka jaji azungumze na mshtakiwa mwenyewe, mahakamani hadharani, na inamruhusu kumwapisha. Amweleze haki anazoziacha: haki ya kukana, ya kusikilizwa na jopo la wananchi, ya kuwahoji mashahidi wanaomkabili, ya kunyamaza. Amweleze adhabu ya juu kabisa inayoweza kumpata. Ahakikishe hakutishwa wala hakuahidiwa jambo nje ya makubaliano yaliyowekwa wazi. Mwisho ahakikishe kwamba kweli upo msingi wa ukweli, maana hata mtu asiye na hatia anaweza kukiri kwa woga wa adhabu kubwa zaidi.

Uzito wa kanuni hiyo unatokana na ukweli kwamba kesi nyingi sana nchini humo hazifiki kwenye ushahidi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za jinai katika mahakama za shirikisho hutokana na washtakiwa kukiri. Kwa maneno mengine, kesi yenye mashahidi na jopo, ile inayoonekana katika filamu, ndiyo adimu. Mapatano ya ofisini ndiyo mahakama yenyewe, na dakika chache za Kanuni ya 11 huwa ndizo pekee ambamo jaji anachungulia ndani.

Kampuni haina mdomo wala mkono wa kuinua kwenye kiapo. Husema kupitia ofisa aliyepewa idhini na bodi ya wakurugenzi. Lakini masharti mengine ni yale yale.

Mapatano yenyewe ni ya namna tatu. Ya kwanza, mwendesha mashtaka anaahidi kuacha baadhi ya mashtaka. Ya pili, anapendekeza adhabu fulani, na jaji yuko huru kulifuata pendekezo au kuliacha. Ya tatu ndiyo inayombana jaji kuliko zote: pande mbili zinakubaliana juu ya adhabu kamili, na jaji akishayakubali makubaliano hana ruhusa ya kubadili hata nukta. Kanuni inamkataza kushiriki katika majadiliano. Hawezi kusema "ongezeni hapa, punguzeni pale". Analetewa sahani iliyokwisha kupakuliwa. Ale au airudishe jikoni.

Makubaliano ya Boeing yalikuwa ya namna hiyo ya tatu.

Sheria za Afrika Mashariki nazo zinaujua utaratibu wa mapatano. Kenya iliuingiza katika sheria yake ya mwenendo wa mashauri ya jinai mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019. Kwa hiyo swali la jaji afanye nini anapoletewa mapatano asiyoyapenda si la Texas peke yake.

Yaliyotokea New York

Kabla ya Boeing, Wakenya na Watanzania walikwisha kuiona Kanuni ya 11 ikifanya kazi katika msiba wao mwingine, ingawa wachache wanakumbuka. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa, 213 kati yao Nairobi.

Oktoba 2000, Ali Mohamed, aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la Marekani, alisimama mbele ya Jaji Leonard Sand mjini New York na kukiri makosa matano ya kula njama. Jaji alipomtaka aeleze alichofanya, Mohamed alieleza jinsi alivyozichunguza sehemu kadhaa mjini Nairobi na kupiga picha, na jinsi Osama bin Laden alivyoitazama picha ya ubalozi na kuonyesha mahali ambapo lori lingeweza kupita. Maelezo hayo yalitolewa kwa sababu kanuni inadai msingi wa ukweli. Kwa waliofiwa Nairobi, dakika zile zilitoa jambo ambalo hakuna hundi ya fidia inayolitoa: mkosaji akisema kwa kinywa chake, chini ya kiapo, nini kilifanyika na nani alikuwapo.

Mfano wa pili unafanana zaidi na wa Boeing. Septemba 2014 Adel Abdel Bary, Mmisri aliyekuwa ameletwa kutoka Uingereza miaka miwili kabla, alikubali kukiri makosa matatu katika shauri hilo hilo la balozi. Awali alikabiliwa na mashtaka mengi, yakiwamo ya mauaji, ambayo yangeweza kumfunga maisha. Kwa mapatano adhabu ya juu ikawa miaka 25, huku muda mrefu aliokwisha kukaa kizuizini Uingereza na Marekani ukihesabiwa. Jaji Lewis Kaplan hakuficha mshangao wake. Badala ya kuyakubali pale pale, aliwataka mawakili wa pande zote wamweleze kwa maandishi kwa nini mapatano hayo yana maslahi kwa umma. Hatimaye aliyakubali, na Februari 2015 akatoa kifungo cha miaka 25. Mwaka 2020 Abdel Bary aliachiwa na kurejeshwa Uingereza.

Kaplan alikuwa na mashaka, akauliza, akajibiwa, akakubali. O'Connor alikuwa na mashaka, akauliza, akajibiwa, akakataa. Tofauti ya matokeo yao ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini.

Jaji alikataa nini hasa?

Makubaliano ya Julai 2024 yaliitaka Boeing ikiri kosa lile moja la njama. Ingelipa faini nyingine ya dola milioni 243.6, ile namba ya zamani, ili ikijumlishwa na iliyokwisha kulipwa ifike milioni 487.2, mara mbili ya faida iliyokadiriwa na kikomo ambacho serikali ilisema sheria inaruhusu. Ingetumia angalau milioni 455 katika miaka mitatu kuimarisha usalama na utii wa sheria. Ingewekewa msimamizi huru kwa miaka mitatu. Bodi ya wakurugenzi ingekutana na familia ana kwa ana. Na juu ya yote ingebaki na alama ya mkosaji wa jinai, jambo zito kwa kampuni inayoishi kwa zabuni za wizara ya ulinzi.

Familia nyingi ziliyapinga. Mwezi mmoja kabla ya mapatano, wakili wao Paul Cassell, ambaye ni profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Utah na aliwahi kuwa jaji wa shirikisho, alikuwa ameiandikia Wizara akidai faini inayoweza kuzidi dola bilioni 24, sehemu kubwa yake ielekezwe kwenye usalama, na kesi isikilizwe hadharani. Hoja yao kubwa haikuwa kiwango cha fedha. Walisema mapatano yanazungumzia ulaghai kana kwamba hakuna aliyekufa kutokana nao. Vifo 346 havikuwekwa katika mizani ya adhabu.

Mtu angetarajia jaji aliyewahi kuandika juu ya uhalifu ulioua wengi kuliko wote aikamate hoja hiyo. Uamuzi wake wa Desemba 2024 haukufanya hivyo. Alijikita kwenye msimamizi. Kwanza, makubaliano yalisema Wizara itamteua msimamizi kwa kuzingatia sera yake ya uwakilishi wa watu wa makundi mbalimbali, na jaji alisema katika shauri la uzito huu umma unastahili kuwa na hakika kwamba uteuzi umefuata ujuzi peke yake. Pili, na hapa ndipo penye hoja nzito zaidi, mahakama iliwekwa pembeni kabisa. Boeing ingeweza kumkataa mmoja wa watakaopendekezwa, lakini mahakama haikupewa sauti ya aina hiyo, na utii wa kampuni kwa mapendekezo ya msimamizi haukuwa sharti la kipindi cha uangalizi ambalo jaji angeweza kulisimamia. Jaji alikumbusha kwamba serikali ilikwisha kupewa miaka mitatu ya kuisimamia Boeing yenyewe, na imeshindwa.

Hoja ya pili ni vigumu kuipinga. Aliyeshindwa kulinda banda mara ya kwanza hapewi ufunguo wote mara ya pili bila mwenzake. Lakini hoja ya kwanza iliingiza katika shauri la watu 346 ugomvi wa kisiasa wa Wamarekani wenyewe, usiowahusu waliolia Bishoftu, na ilikuwa na dosari moja ya kiutendaji: ilitolewa mwezi mmoja baada ya uchaguzi uliomrudisha Trump madarakani. Jaji aliwapa pande mbili siku 30 kueleza watafanya nini. Hakuhitaji kuambiwa kwamba mezani kungekaa watu wengine.

Mlango wa pili

Sahani ilirudi jikoni, na wapishi wakabadilika. Kwa muda ilionekana kwamba familia zingepata walichokuwa wakikitaka, kwani jaji alipanga kesi ianze kusikilizwa tarehe 23 Juni 2025 mbele ya jopo la wananchi. Mwezi Mei, wiki chache kabla ya tarehe hiyo, Wizara ya Sheria ilitangaza kwamba imefikia na Boeing makubaliano mapya, safari hii ya kutoshtaki kabisa.

Fedha ziliongezeka: jumla zaidi ya dola bilioni 1.1, zikiwamo milioni 444.5 za mfuko mpya wa familia, milioni 455 za kuimarisha usalama, na ile faini ya milioni 243.6. Kilichopungua ni mambo mawili. Hakuna tena kukiri kosa mahakamani. Na badala ya msimamizi huru, Boeing ingeajiri mshauri wake yenyewe.

Waendesha mashtaka walijitetea kwamba kesi ni bahati nasibu. Walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtu pekee aliyewahi kufikishwa mbele ya jopo kwa sakata hili, aliyekuwa rubani mkuu wa kiufundi wa MAX, aliachiwa huru mjini Fort Worth Machi 2022, mbele ya Jaji O'Connor huyo huyo, baada ya mawakili wake kudai kwamba anatolewa kafara kwa makosa ya wakubwa. Zipo pia familia zilizosema hazipingi makubaliano mapya. Zimechoka, zinataka kuzika msiba. Nyingine zilisafiri hadi Texas Septemba 2025 kumwambia jaji asikubali.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa sheria ambao shauri hili limeuanika. Mapatano ya kukiri kosa yakiletwa, jaji ana uwezo mpana wa kuyakataa. Lakini serikali ikisema tu kwamba haitaki tena kuendelea na mashtaka, kanuni nyingine, ya 48, inamtaka jaji atoe idhini, na idhini hiyo imefasiriwa na mahakama za juu kwa miaka mingi kuwa finyu mno. Mwendesha mashtaka anachukuliwa kuwa ana nia njema. Kumshtaki mtu ni kazi ya serikali, na jaji hawezi kuwa mwendesha mashtaka badala yake. Mlango wa kukiri kosa una komeo mkononi mwa jaji. Mlango wa kufuta kesi, ulio hatua mbili tu kutoka hapo, una pazia.

Uamuzi wa tarehe 6 Novemba 2025 unasomeka kama maandishi ya mtu anayelijua hilo. Jaji O'Connor alieleza kwamba haoni kama kuifuta kesi kuna maslahi kwa umma, na kwamba makubaliano mapya hayaleti uwajibikaji unaohitajika kuwahakikishia usalama wasafiri wa ndege. Kisha akakubali ombi la serikali, kwa kuwa sheria haimruhusu kulikataa kwa sababu tu ana maoni tofauti.

Nusu shari

Je, alikosea Desemba 2024? Waswahili husema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kwa kipimo hicho jibu ni rahisi: kama angeyakubali makubaliano yale mabovu, leo Boeing ingekuwa kampuni iliyotiwa hatiani na mahakama, ikiwa na msimamizi huru na bodi iliyolazimishwa kukaa meza moja na watu waliopoteza watoto wao. Familia zilizomsihi akatae zingekuwa na angalau hivyo.

Lakini kipimo hicho kina kasoro. Kinamtaka jaji apokee kila anachopewa kwa kuogopa kitakachofuata, na jaji wa namna hiyo hana faida kwa yeyote; Kanuni ya 11 ingebaki kuwa maneno ya kukariri. Makubaliano yalistahili kukataliwa kwa sababu ya nafasi ya mahakama katika usimamizi. Tatizo ni kwamba jaji alitumia silaha yake pekee bila kuwa na ya pili, na upande wa pili ulijua. Kaplan, kwa kuahirisha uamuzi na kudai maelezo, aliupata msukumo bila kulivunja daraja. O'Connor naye aliahirisha na kuuliza. Oktoba 2024 alizisikiliza pande zote. Hata hivyo, kwa kuwa makubaliano yalikuwa ya namna isiyogusika, baada ya kuuliza alibaki na ndiyo au hapana. Kama lawama itafutwe mahali, ianzie kwa walioandika mapatano yasiyompa jaji njia ya tatu, katika shauri ambalo wao wenyewe walikwisha kulisimamia vibaya.

Familia za Afrika zina jambo la ziada la kutafakari. Nchi zao hazikuwa sehemu ya mapatano yoyote kati ya haya matatu. Ndege iliangukia ardhi ya Ethiopia, ikiwa na Wakenya wengi kuliko raia wengine wote, lakini kosa lililoshtakiwa ni la kuidanganya idara ya Washington, na aliyekuwa na uwezo wa kulisamehe ni Washington. Wafiwa walipata kusikika kwa sababu tu sheria ya Marekani ya 2004 haiulizi uraia wa mwathirika, na kwa sababu jaji mmoja alikubali kuwaita waathirika.

Njia ya madai ya fidia imekwenda vizuri zaidi. Novemba 2021 Boeing ilikubali mjini Chicago kwamba inawajibika kulipa fidia kwa ajali ya Ethiopia, nazo familia zikaacha kudai fidia ya adhabu. Kesi nyingi zimemalizwa kwa siri nje ya mahakama. Siku sita baada ya Jaji O'Connor kuifuta kesi ya jinai, jopo la Chicago liliipa familia ya abiria mmoja wa ndege ile zaidi ya dola milioni 28, ikiwa ni kesi ya kwanza ya ajali hizo mbili kufikia uamuzi wa jopo.

Katika jalada la jinai la Fort Worth limebaki jibu moja. Tarehe 26 Januari 2023, kwa amri ya jaji na kwa maombi ya familia, Boeing iliitwa mahakamani kusomewa shtaka hadharani kwa mara ya kwanza. Ndugu wa marehemu waliruhusiwa kuzungumza, baadhi wakiwa wameshika picha. Mwakilishi wa kampuni aliulizwa inajibu nini. Alijibu kwamba kampuni inakana kosa. Hilo ndilo jibu pekee ambalo mahakama iliwahi kulipokea kutoka kwa Boeing katika shauri hilo.